Jiwe Moja, Tarehe Mbili: Maandishi ya Kizimkazi na Lugha ya Vibao vya Urithi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hali ya jiwe la maandishi lililochongwa kwa ajili ya jengo moja na baadaye kutumiwa tena katika jengo jingine. Mfano mkuu ni maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijra (1107 B.K.), ambayo leo yamo katika jengo ambalo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 18. Mfano huo unalinganishwa na jiwe la Wapikti wa Uskoti na jiwe la Mugere nchini Burundi. Hoja inayotetewa ni kwamba sentensi iliyozoeleka katika vibao na vitabu vya kiada, yaani "ulijengwa mwaka fulani", huyafunga pamoja matendo yaliyotengana kwa karne nyingi, ilhali Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha.

Utangulizi

Mwanafunzi wa Makebuko, katika mkoa wa Gitega, akipelekwa na mwalimu wake kwenye Makumbusho ya Taifa mjini Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, hakutani na maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mawe. Hukutana na ngoma, silaha, vikapu, vyungu na vifaa vya nyumba ya kifalme. Nyanda za juu za Burundi hazikuandika kumbukumbu zake juu ya mawe. Zilizihifadhi katika ngoma, miti, makaburi ya wafalme na vinywa vya watu. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo sasa anasoma Kiswahili darasani, na katika vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya ukanda mzima wa Afrika Mashariki atakutana na Kilwa, Mombasa na Kizimkazi. Atasoma kuwa msikiti fulani "ulijengwa mwaka 1107". Sentensi hiyo ataichukua kama ilivyo, maana hana njia ya kuihoji.

Kuna sababu ya kuihoji. Kitenzi cha kutendwa kisichotaja mtenda, kikifuatwa na mwaka mmoja, kimekuwa umbo la kawaida la sentensi za urithi katika Kiswahili. Ni fupi, ina sauti ya uhakika, na inatosha mstari mmoja wa kibao. Udhaifu wake huonekana pale ambapo kitu kinachozungumziwa kimeishi maisha zaidi ya moja.

Kizimkazi: mawe ya 1107 katika msikiti wa 1770

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani uko kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu na bahari. Kwa nje ni jengo la kawaida lililoezekwa mabati, na mgeni anaweza kulipita bila kujua lina nini. Ndani, katika ukuta wa kibla, kuna mistari ya mwandiko wa Kikufi uliochongwa juu ya matumbawe, herufi zake zikiwa na ncha zinazochipua kama majani. Pamoja na aya za Kurani, maandishi hayo yanamtaja aliyeamuru ujenzi, Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, na mwezi wa Dhulkaada wa mwaka 500 wa Hijra. Kwa kalenda ya Kikristo huo ni mwaka 1107. Haya ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Samuel Flury, mtaalamu wa mwandiko wa Kikufi, aliyachambua katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Asia ya London mwaka 1922. Tangu hapo tarehe ya 1107 imeingia katika kila andiko kuhusu historia ya Uislamu katika pwani hii, na ni haki iingie. Lakini msikiti una tarehe nyingine. Maandishi ya pili yanataja mwaka 1184 wa Hijra, sawa na 1770 au 1771, yakihusu kujengwa upya. Uchimbaji uliofanywa na Neville Chittick mwaka 1960 uliweka wazi kwamba msikiti unaoonekana leo ulitanguliwa na mwingine mahali hapohapo. Kuta nyingi anazoziona msafiri ni za karne ya 18. Baadhi ya mawe yaliyonakshiwa, na hasa maandishi, ni ya karne ya 12. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka ipatayo 660.

Inafaa kutua kidogo juu ya jiwe lenyewe. Matumbawe yanayofaa kwa nakshi huvunwa baharini yakiwa hai au yakiwa bado na unyevu. Wakati huo ni laini, hukatika kwa patasi bila kupasuka, na fundi anaweza kuchonga jani la unene wa ukucha. Yakishakauka hugumu. Kwa hiyo fundi wa matumbawe hufanya kazi kwa kushindana na jua. Jambo hili lina uzito katika mjadala wa zamani juu ya nani aliyechonga maandishi ya Kizimkazi. Mtindo wa herufi umelinganishwa na nakshi za Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na wapo waliotaka kuliona jambo lote kama kitu kilicholetwa kutoka ng'ambo. Mtindo unaweza kusafiri ndani ya kichwa cha fundi au juu ya karatasi. Jiwe hili ni la pwani hii, na lilipaswa kuchongwa mapema baada ya kutoka majini. Mjadala kuhusu asili ya fundi haujaisha, lakini ushahidi wa jiwe unaelekea mahali kazi ilipofanyika, na mahali hapo si Siraf.

Swali linaloulizwa mara chache zaidi ni la mwaka 1770: kwa nini waliojenga upya waliyabakiza mawe hayo? Jibu la haraka ni kwamba waliheshimu neno la Mungu. Ni jibu linalokubalika, ila halitoshi. Kikufi hakina urahisi wa kusomeka. Herufi zake hazina nukta, miisho yake hujipinda na kuwa maua, na aliyefunzwa kusoma Kurani chuoni kwa mwandiko wa naskhi hawezi kuusoma Kikufi cha maua bila msaada. Kufikia karne ya 18 mwandiko huo ulikuwa umekwisha kutoka katika matumizi ya kila siku kwa muda mrefu. Inawezekana basi kwamba waashi na wazee wa 1770 walijua kuwa maandishi ni matakatifu na ni ya wahenga, bila kuyasoma neno kwa neno. Jiwe lililochongwa ili lisomwe lilitumiwa tena kama jiwe la kuonekana, na thamani yake ikawa ukale wake.

Lugha ya pwani inatoa dokezo dogo hapa. Neno kibla, ambalo kwa Kiarabu ni upande wa kuelekea Makka, kwa Waswahili wengi ni pia jina la chumba kidogo cha ukutani anaposimama imamu, ambacho Kiarabu hukiita mihrabu. Upande na kitu kinachouonyesha vimekuwa neno moja. Kwa jamii inayozungumza hivyo, kujenga msikiti upya mahali palepale na kurudisha mawe ya kibla katika kibla hakuonekani kuwa kujenga msikiti mwingine. Msikiti ni uleule. Mwanahistoria atasema ni miwili, na kila upande una hoja yake.

Jiwe la Wapikti lililogeuzwa kaburi

Ulinganisho wa mbali husaidia kuona kwamba hali hii si ya pwani ya Waswahili peke yake. Wapikti walikuwa watu wa kaskazini na mashariki mwa Uskoti katika milenia ya kwanza. Waliacha mawe yaliyochongwa alama zinazojirudia, kama vile mwezi mchanga uliokatwa na mshale uliovunjika, visahani viwili vilivyounganishwa, na wanyama wa ajabu, ambazo hadi leo hazijapata msomaji anayekubaliwa na wote. Mengi ya mawe hayo yalitumiwa tena baadaye: katika kuta za makanisa, katika misingi, kama mawe ya makaburi.

Jiwe la Hilton of Cadboll, katika rasi ya Tarbat, lilichongwa karibu na mwaka 800. Upande mmoja ulikuwa na msalaba. Upande wa pili una alama za Kipikti na picha ya windo, ambamo mwanamke amepanda farasi. Mwaka 1676 msalaba ulifutwa kwa patasi, uso wa jiwe ukasawazishwa, na yakachongwa maandishi ya kumbukumbu ya Alexander Duff na wake zake watatu. Katika karne ya 19 jiwe lilipelekwa kupamba kasri la Invergordon. Mwaka 1921 likapelekwa London, kelele zikapigwa, likarudishwa Uskoti mwaka huohuo, na sasa liko makumbusho ya Edinburgh. Uchimbaji wa 1998 na 2001 ulifukua sehemu ya chini ya jiwe pamoja na maelfu ya vipande vya ule msalaba uliofutwa. Katika kijiji chenyewe imesimamishwa nakala iliyochongwa na Barry Grove.

Je, jiwe hilo ni la mwaka gani? Ni la 800 kwa anayechunguza alama, ni la 1676 kwa anayesoma jina la marehemu, na nakala yake ni ya zama zetu. Mtaalamu wa akiolojia Siân Jones, aliyefanya utafiti miongoni mwa wakazi baada ya uchimbaji, alionyesha kuwa walilizungumzia jiwe kama kiumbe hai: limezaliwa pale, ni mtu wa pale. Ugomvi juu ya mahali pa kuweka sehemu iliyofukuliwa haukuwa wa vipimo na usalama tu. Msemaji wa Kiswahili, ambaye upatanisho wa ngeli humlazimu kuchagua kati ya li- ya jiwe na a- ya kiumbe kila anapofungua kinywa, ana sababu ya kulielewa jambo hilo upesi kuliko wengi.

Tofauti na Kizimkazi ni dhahiri. Mwaka 1770 waliojenga upya waliyahifadhi maandishi na kuyapa ukuta mpya; mwaka 1676 waliochukua jiwe waliufuta uso mmoja ili kupata nafasi ya kuandika. Yote mawili huitwa kwa jina moja, matumizi mapya, na hapo ndipo neno hilo linapokuwa pana mno. Katika Ngome ya Yesu ya Mombasa kuna hali nyingine tena: maandishi ya Kireno ya karne ya 17 juu ya lango, yanayojisifia kuitiisha pwani, hayakuondolewa baada ya Waomani kuiteka ngome mwaka 1698, wala Waingereza walipoigeuza kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Jiwe halikusogea hata shubiri moja. Waliosogea ni mabwana zake.

Mugere: tarehe isiyotaja mkono

Burundi ina jiwe lake lenye maandishi. Liko Mugere, kusini mwa Bujumbura, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wasafiri hao walikuwa wamekutana Ujiji. Stanley mwenyewe aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 ya mwezi huo. Baadaye walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini ili kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, jambo lililokuwa na uzito katika ubishi wa chanzo cha Nile, wakakuta unaingia. Katika safari hiyo walikuwa wageni wa chifu Mukamba kuanzia tarehe 25.

Mara kwa mara jiwe la Mugere hutajwa kama mahali walipokutana kwa mara ya kwanza, na ubishi na Ujiji huibuka. Ubishi huo hauna msingi: tarehe mbili ni za matukio mawili. La muhimu zaidi kwa makala haya ni jambo jingine. Maandishi ya Mugere yanataja ziara. Hayasemi ni nani aliyechonga, wala lini. Msomaji huikuta tarehe juu ya jiwe na kudhani ni tarehe ya jiwe. Kizimkazi jiwe ni la kale kuliko jengo. Mugere mwamba ni wa tangu na tangu, tukio ni la 1871, na uchongaji ni tendo la tatu lenye wakati wake. Tena jina la Mukamba, mwenyeji aliyewapokea, halimo katika maandishi, na kibao chochote cha Kiswahili kitakachoyafasiri maneno yaliyochongwa bila kuongeza lolote kitaendeleza ukimya huo.

Sheria zinapouliza mwaka mmoja

Suala hili lingebaki la wasomi kama sheria zisingekuwa zimejengwa juu ya tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 huvilinda kwa ukale wake vitu vilivyotengenezwa, kuchongwa au kuandikwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi huweka mpaka wa 1895 kwa vitu vya kale vinavyohamishika. Zote mbili huacha mlango wa waziri kutangaza ulinzi kwa vitu vingine, na huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo mpaka wa mwaka mmoja humlazimisha mwenye kujaza fomu aandike tarehe moja.

Chukua mlango wa nakshi wa karne ya 19 uliotolewa katika nyumba iliyobomoka na kuwekwa katika hoteli mpya. Au chukua jiwe la kusagia, urusyo kwa Kirundi, lililochakaa likakutwa katika msingi wa nyumba huko Makebuko au Muyinga. Jiwe lina umri wa kusagia na umri wa kubeba ukuta. Fomu yenye nafasi moja itampa afisa njia mbili: aandike umri wa nyumba, na jiwe lionekane halina thamani, au aandike umri wa jiwe, na nyumba nzima ionekane ya kale. Kosa la kwanza huruhusu kitu kuuzwa au kuvunjwa. La pili huzaa historia isiyokuwapo, ambayo baadaye ni vigumu kuiondoa vitabuni.

Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa tangu mwaka 1983, na tangu 2014 ngoma ya kifalme imo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Gishora, karibu na mji wa Gitega, ngoma za Ruciteme na Murimirwa zilikuwa za utawala. Ufalme ulifutwa mwaka 1966. Leo mahali hapo hupokea watalii. Ngoma haina maandishi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuisoma tarehe yake, na watu hueleza kwa masimulizi ilivyotoka matumizi moja hadi mengine. Inashangaza kidogo kwamba pasipo na maandishi maelezo huwa marefu na yenye ngazi, na penye maandishi maelezo hufupishwa kuwa mwaka mmoja.

Vitenzi vinavyohitajika

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Kuchonga ni tendo la fundi juu ya jiwe. Kupachika ni kukiingiza kitu ndani ya kingine. Kuhamisha ni kubadili mahali. Kujenga upya si kukarabati, na kukarabati si kutia chokaa. Kufuta, kusawazisha na kuchonga juu yake ni matendo matatu ambayo jiwe la Hilton of Cadboll liliyapata kwa pamoja. Kiambishi -ka- cha mfululizo, ambacho wasimulizi hukitumia bila kufikiri, ndicho hasa kinachofaa kuyapanga matendo hayo kwa wakati: lilichongwa, likatumika, likaachwa, likapachikwa. Mwandishi wa kibao anayelazimika kutumia -ka- hulazimika pia kujiuliza nini kilifuata.

Kibao cha Kizimkazi kinaweza kuandikwa hivi bila kupoteza ufupi: "Mawe haya ya maandishi yalichongwa mwaka 500 H (1107) kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad kwa ajili ya msikiti uliotangulia mahali hapa. Msikiti ukajengwa upya mwaka 1184 H (1770/71), na mawe yakatumiwa tena katika ukuta wa kibla." Kwa Mugere: "Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walikuwa wageni wa chifu Mukamba hapa kuanzia tarehe 25 Novemba 1871. Tarehe iliyochongwa ni ya ziara hiyo." Yote mawili yanatoshea juu ya ubao wa kawaida, na yanatafsirika kwa Kirundi na Kifaransa bila matatizo.

Kwa wanaoandaa orodha za urithi na mitaala ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mabadiliko yanayopendekezwa ni madogo: fomu ya kuorodhesha iwe na mistari mingi kadiri ya matendo, na kila mstari uwe na safu nne, yaani tendo, wakati, mahali na mtenda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko karibu na Kizimkazi, na ingeweza kuanza na msikiti huo kama jaribio. Safu ya mtenda itabaki tupu mara nyingi. Kwa mstari wa 1107 jina lipo juu ya jiwe. Kwa Mugere atajazwa Mukamba katika mstari wa ziara, na nafasi ya aliyechonga itaachwa wazi kwa atakayekuja na ushahidi.